Rabai Haikujazwa na Wajerumani Wawili

Kila gari la wageni likitoka Mombasa, likafika Mazeras na kukata kwenda Rabai, maelezo ni yale yale. Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuja 1844, Mjerumani mwenzake Rebmann akamfuata 1846, wakafungua misheni, Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro, amina. Picha mbili tatu, soda, safari ya kurudi. Nani alikaa kwenye viti vya kanisa hilo? Hapo mwelezaji ana kikohozi.

Maana viti havikuwa na watu. Mtu wa kwanza kubatizwa na Krapf, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa kufani. Rebmann alikaa miaka 29, akaondoka 1875 akiwa kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno.

Haya, lugha tuwape. Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili mwaka huo huo wa 1844 aliomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga huku bara ya Mombasa. Kamusi yake ilitoka 1882, mwenyewe ameshafariki. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini waliolijaza kanisa ni watu waliowahi kuuzwa. Mwaka 1864 walifika Rabai William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa utumwani wakasomeshwa India, kule Nasik. Na hapa ndipo waandishi wengi wa historia za parokia huteleza: wakikuta jina "Jones" kwenye karatasi za misheni hudhani ni mzungu, wakampita. Huyo "mzungu" ndiye aliyeshikilia Rabai, akapewa ushemasi na Hannington, askofu wa Kianglikana, mwaka 1885 pamoja na Semler, na Hannington alipouawa Busoga, Uganda ya leo, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi hadi Rabai.

Kuna na kosa kubwa zaidi: kuchanganya mateka na watoro. Mateka walikamatwa baharini na manowari za Waingereza baada ya mkataba wa 1873 na Sultan Barghash wa Zanzibar wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, wakashushwa Frere Town, makazi ya misheni huko Kisauni, kuanzia 1875. Hao kisheria walikuwa huru. (Ndiyo, kengele inayotajwa na makanga wa matatu wakiita "Kengeleni!" ni yao.) Mtoro alikuwa jambo jingine kabisa. Katoroka shamba la bwana wake hapa hapa pwani, ambako utumwa uliendelea kutambuliwa hadi 1907. Kumpokea kulikuwa kuficha mali ya mtu, na misheni iliogopa kesi na mapanga ya wenye mashamba. Rabai iliwapokea hata hivyo, juu ya ardhi ya Warabai, ambao shukrani yao sijui iliandikwa ukurasa gani.

Ilipofika 1888 wenye watumwa walitaka watu wao. Walipohesabiwa, watoro wa Rabai na vituo jirani walizidi 1,400! Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikisimamia pwani alilipa fidia, na Januari 1889 wakagawiwa hati za uhuru. Tazama fidia ilimwendea nani: bwana. Aliyelima bure miaka kumi alipata karatasi. Tunaita hisani.



Kwa hiyo anayeandaa ubao mpya wa maelezo ya Rabai kwa wageni aanze na madaftari ya ubatizo, si shajara za wamisionari. Jina la Jones lilingane ukubwa na la Krapf. Na pale panapoandikwa "waongofu," aandike walivyokuwa: watoro.