Kid A: Radiohead waliringa au walithubutu?

Ukitaka kuwagombanisha watu wanaopenda roki ya Uingereza, wawekee Kid A ya bendi ya Radiohead. Nina marafiki wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya albamu hii, na ubishi wao una maana kuliko unavyosikika kwa mbali.

Wa kwanza ni mtu wa OK Computer, ile albamu ya 1997 iliyoipandisha bendi hii ya Oxfordshire kileleni. Hoja yake: bendi ina wapiga gitaa watatu, halafu Oktoba 2000 inakuletea albamu inayofunguliwa na kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke iliyokatwakatwa mpaka huijui. Singo rasmi, yaani wimbo unaotolewa peke yake kuitangaza albamu, hakuna hata moja. "Bwana, msanii akishashiba sifa anaanza kumpima msikilizaji," husema. Hayuko peke yake. Mwaka uleule mwandishi wa riwaya Nick Hornby aliikosoa katika jarida la The New Yorker, akisema inadai subira ambayo mtu mzima mwenye kazi zake hana.

Wa pili anajibu kwamba bendi ilikuwa imechoka. Ziara za OK Computer zilimmaliza Yorke, akalikinai gitaa, akawa anasikiliza wasanii wa muziki wa kielektroniki kama Aphex Twin na Autechre. Kurudia albamu ileile kungekuwa biashara tu. Kisha anatoa turufu yake: bila singo, na nyimbo zikiwa zimeshavuja Napster, mtandao wa kubadilishana nyimbo bure, Kid A ilishika namba moja Uingereza na Marekani.

Turufu hiyo mimi siinunui. Wiki ya kwanza watu walinunua jina. Namba moja haikuambii kama waliirudia mara ya pili.

Kinachoitetea albamu ni nyimbo zenyewe. Chukua "Idioteque". Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa bendi, alimpa Yorke rekodi ndefu ya milio aliyoichanganya, nyingi haisikiliziki, na ndani yake Yorke akaokota kipande kifupi chenye kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Kipande hicho kilitoka kwa mtunzi Paul Lansky, aliyekitunga 1973 kwa kompyuta ya chuoni Princeton. Juu yake kuna mdundo wa mashine, mkavu kabisa, halafu anaingia Yorke akiimba kama mtu anayekimbia na kuongea kwa wakati mmoja. Mashine inabaki palepale, yeye ndiye anayeishiwa pumzi. Sijui gitaa lingeongeza nini hapo.

Au "The National Anthem": besi moja inayojirudia, aliyoipiga Yorke mwenyewe, kisha wapuliza tarumbeta na saksafoni walioelekezwa wapige kama watu waliokwama kwenye foleni. Fujo ni fujo kweli, lakini besi haiyumbi, na ndiyo maana unavumilia.

Tena lile lalamiko la magitaa limetiwa chumvi. "Optimistic" ni gitaa mwanzo mwisho. "How to Disappear Completely" inabebwa na gitaa kavu lisilo la umeme, ngoma na violini, na anayedai bendi ilisahau kuandika nyimbo basi huo hajaumaliza.

Rafiki wa kwanza ananishinda kwenye "Treefingers" tu. Ni gitaa la Ed O'Brien, mpiga gitaa mwingine wa bendi, lililonyooshwa kwenye kompyuta mpaka halitambuliki, dakika tatu na ushee bila ngoma wala sauti ya mtu. Wanaoitetea huiita sehemu ya kupumzikia. Albamu ya dakika hamsini hivi haihitaji mapumziko marefu kiasi hicho, hasa ukizingatia kwamba "In Limbo", baadaye kidogo, nayo inaelea bila kutua.

Na wimbo wa kuweka badala yake walikuwa nao. Vipindi vilevile vya kurekodi ndivyo vilivyotoa albamu iliyofuata, Amnesiac ya 2001, yenye "Pyramid Song", piano na violini, wimbo ambao hata rafiki yangu wa kwanza anaukubali. Ungewekwa pale ilipo "Treefingers", nusu ya ubishi wetu ingekufa.