Chagua Kinasa Sauti kwa Sikio

Matangazo ya vinasa sauti vya kidijitali vya mkononi hupenda kuanza na idadi ya saa: kifaa hiki hunasa saa mia kadhaa, kile huvuka elfu moja. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tarakimu inayomfaa mnunuzi kidogo kuliko zote, kwa kuwa saa hizo nyingi hupatikana kwa kuibana sauti kupita kiasi, hadi konsonanti kama s, f na th, ambazo nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya juu, zinakaribia kusikika sawa. Mtu anayetafuta kifaa cha kunasia mahojiano, mihadhara au simulizi za wazee anapaswa kutanguliza swali jingine: je, kifaa hiki kitaniwezesha kusikia kinachonaswa wakati uleule kinaponaswa, na kurekebisha kwa mkono wangu kiwango cha sauti inayoingia? Ikiwa jibu ni hapana, sioni sababu ya kuendelea kusoma sifa zake nyingine.

Nalipa uzito mkubwa tundu la hedifoni kwa sababu ya namna tunavyosikia. Ukiketi na mtu chumbani mkazungumza, ubongo wako huiweka kando sauti ya feni, ya friji iliyo chumba cha pili na ya magari yanayopita nje, ukabaki na maneno ya mwenzako. Maikrofoni haina uwezo huo wa kuchagua. Huchukua kila kilichomo hewani, na msikilizaji wa baadaye, ambaye hakuwepo mahali pale, hupokea vyote kwa pamoja. Njia pekee ya kujua kifaa kinasikia nini ni kuvaa hedifoni kabla mazungumzo hayajaanza na kusikiliza kupitia maikrofoni yenyewe. Hapo ndipo utakapogundua kwamba feni inanguruma kuliko ulivyodhani, au kwamba waya wa maikrofoni unasugua shati la mzungumzaji kila anapopumua. Mnunuzi aangalie pia jambo moja ambalo maelezo ya dukani mara nyingi hayalisemi: baadhi ya vifaa vina tundu la hedifoni linalofanya kazi wakati wa kucheza faili tu, si wakati wa kunasa. Kwa kazi ninayoizungumzia hapa, tundu la namna hiyo ni sawa na kutokuwapo.

Kuhusu kiwango cha sauti, vifaa vingi vya bei nafuu hukirekebisha vyenyewe, na wauzaji huuita urekebishaji huo urahisi. Utendaji wake ni huu: mzungumzaji anapopaza sauti, kifaa hupunguza, anaponyamaza kufikiri, kifaa hudhani hakisikii vizuri, kikaongeza, na kelele yote ya chumba ikapanda juu kujaza ule ukimya. Matokeo yake ni rekodi inayovuta pumzi nzito kati ya sentensi na sentensi, na hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuisafisha kikamilifu. Kwa mtu anayejinasia kumbukumbu fupi za kikazi hilo halina madhara. Kwa simulizi ambayo watu watataka kuisikiliza miaka mingi ijayo, ni hasara kubwa, kwa sababu kimya cha msimulizi nacho ni sehemu ya usimulizi wake.

Ukikirekebisha kiwango hicho mwenyewe, lenga vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 (desibeli ni kizio cha kupimia nguvu ya sauti) chini ya sifuri kwenye kipimo cha kifaa. Sifuri ndiyo dari. Sauti ikiigonga hupasuka, na kilichopasuka hakirejeshwi. Wengi huogopa kuacha nafasi kubwa namna hiyo kwa hofu ya rekodi kuwa hafifu, lakini hofu hiyo ilikuwa na msingi zaidi enzi za kanda. Biti ni tarakimu za kompyuta zinazotumika kuandika kila kipimo cha sauti: rekodi ya biti 16 ina upana wa kinadharia wa desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa inayoweza kuhifadhi, na ile ya biti 24 ina 144, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kunasa kwa utulivu na kuipandisha sauti baadaye. Siku hizi vipo pia vifaa vinavyonasa kwa biti 32 za desimali inayoelea, yaani kwa namba zinazoweza kuhifadhi hata sauti inayovuka sifuri, kama vile Zoom F6 iliyotoka mwaka 2019, ambavyo kwa kweli huondoa karibu hatari yote ya kugonga dari ndani ya faili. Navipenda, ila nisingependa mtu aamini kwamba vinamwondolea kazi ya kusikiliza. Maikrofoni yenyewe bado inaweza kuelemewa, na sauti iliyonaswa kutoka mbali hubaki ya mbali, iwe na biti ngapi.

Umbali ndio jambo ambalo watu hulipuuza zaidi, ilhali halidai fedha yoyote. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kifaa kilichokuwa sentimita 20 kutoka kwa msemaji kikihamishiwa sentimita 160, sauti yake inakuwa imeshuka kwa desibeli 18 hivi, wakati ngurumo ya feni na mwangwi wa kuta vimebaki palepale. Ndiyo maana kifaa cha kawaida kilichowekwa karibu kitakishinda kifaa ghali kilichoachwa katikati ya meza kubwa, na ndiyo maana naona ni busara kugawa bajeti: nunua kinasa sauti cha wastani, kisha fedha inayobaki uiweke kwenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye ukosi. Hakikisha tu kwamba viwili hivyo vinaelewana. Maikrofoni nyingi za ukosi huhitaji umeme mdogo unaotoka kwenye tundu la kinasa sauti, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya simu zina plagi ya pete tatu nyeusi, ambayo haifanyi kazi ipasavyo kwenye tundu linalotarajia pete mbili. Ukiwa na wazungumzaji wawili na maikrofoni mbili, mmoja mnase upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia. Wakati wa kuandika mazungumzo utaweza kumsikiliza kila mmoja peke yake pale walipoingiliana.

Usikiweke kifaa moja kwa moja juu ya meza, kwa maana kila kikombe kinachotuliwa hapo kitasikika kama ngoma. Kitambaa kilichokunjwa chini yake kinatosha. Nje ya nyumba, sponji jembamba la maikrofoni halizuii upepo wa maana. Kinachohitajika ni kifuniko chenye manyoya, pamoja na kuwasha kichujio cha kukata masafa ya chini, yaani sauti nzito zilizo chini ya Hz 80 hivi, ambacho hupunguza ngurumo bila kuigusa sana sauti ya mtu.

Sasa muundo wa faili. Hapa msimamo wangu ni mkali: chochote chenye thamani ya kuhifadhiwa kinaswe katika WAV, muundo unaohifadhi sauti bila kuibana, na MP3 ibaki kwa matumizi ya kupita. MP3 hufanya kazi kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linakadiriwa kutozitambua, na kila faili inapohaririwa na kubanwa upya, kitu kingine hutupwa. Tofauti ya ukubwa ni ya kweli. Saa moja ya WAV ya biti 16 na kHz 44.1 (yaani sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde), njia mbili za kushoto na kulia, huchukua megabaiti 635 hivi, ilhali saa hiyohiyo katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 60. Lakini kadi ya gigabaiti 32, ambayo leo ni kadi ndogo, hubeba karibu saa 50 za WAV hiyo. Nani hunasa saa 50 kabla ya kurudi kwenye kompyuta? Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, IASA, katika miongozo yake ya uhifadhi inapendekeza kisipungue kiwango cha kHz 48 na biti 24. Ukifuata kiwango hicho kadi hiyohiyo itabeba saa 30 hivi, na bado ni nyingi. Rekodi ndefu sana huweza kugawanywa na kifaa kuwa faili mbili au zaidi, kwa kuwa mpangilio wa kadi wa FAT32 haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Hilo si kasoro, ila ni vizuri kulijua kabla ya kudhani kwamba nusu ya mkutano imepotea.

Wapo watakaosema simu inatosha. Kwa dharura inatosha, na ni bora kuliko kutonasa kabisa. Tatizo langu nayo ni kwamba simu ina kazi nyingine: hupigiwa, hujaa picha, na mara nyingi huchuja sauti kwa namna ambayo mtumiaji hawezi kuizima. Tena, simu iliyowekwa karibu na kinasa sauti huweza kuingiza mlio wa kukwaruza kwenye waya za maikrofoni, kwa hiyo izime au isogeze mbali.

Kabla ya kuanza, weka tarehe na saa sahihi kwenye kifaa, kwani jina la faili mara nyingi hutokana nazo, na tia betri mpya au zilizochajiwa hadi kujaa. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kunasa, faili ya WAV huweza kubaki bila kufungwa vizuri na ikakataa kufunguka. Vifaa vingi hutaka kitufe cha kunasa kibonyezwe mara mbili: mara ya kwanza taa humeta na kifaa kinasubiri tu, mara ya pili taa hutulia na muda huanza kuhesabiwa. Tazama muda unasogea, usiiamini taa peke yake. Zima kabisa hali ya kujiwasha kwa sauti, ambayo hula silabi za mwanzo za kila sentensi.

Kisha omba ridhaa, na uiombe huku kifaa kikinasa, ukitaja tarehe, mahali, majina ya waliopo na matumizi yaliyokusudiwa. Mzungumzaji ana haki ya kujua sauti yake inakwenda wapi na kusema sehemu fulani isitumike. Mkimaliza, acha kifaa kiendelee nusu dakika bila mtu kusema, kwani kipande hicho cha ukimya wa chumba ndicho mhariri atakachokitumia kuziba mianya. Siku hiyohiyo nakili faili kwenye sehemu mbili tofauti, ifungue kila nakala na usikilize mwanzo, katikati na mwisho wake, na kadi usiifute mpaka uwe umefanya hivyo.