Baa ya bei mbaya, mkato bado unakwenda upande

Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja, ambaye huwa nakata naye magogo, alinijia na baa mpya ya msumeno wake wa mnyororo. (Cheka tu. Neno hilohilo tunalo kwa mahali pa kunywea, kwa balaa, na kwa kile chuma kirefu kinachobeba cheni. Subiri uone maana ya pili na ya tatu zinavyokaribiana.) Ilikuwa bado kwenye karatasi yake ngumu, inang'aa utadhani ya kutundikwa sebuleni. "Kaka, safari hii nimechukua yenyewe," akasema. Bei aliyonitajia ingenunua baa tatu za kawaida, na chenji ya cheni ingebaki.

Kisa? Ile ya zamani "inakata kona". Unaanza wima juu ya gogo, ukifika chini kipande kimetoka kama kabari. Basi tukafunga mpya, tukakaza cheni, tukawasha, tukashusha kwenye gogo. Ikapinda. Tena ikapinda zaidi ya ile ya zamani, ila sasa kwa heshima.

Nikazima mashine nikaifungua. Mkiani mwa baa pamegongwa 1.5, yaani upana kwa milimita wa mfereji wa ukingoni unaoshika cheni. Kwenye vijino vya chini vya cheni, vile vinavyotembea ndani ya mfereji, unene wake ni 1.3. Yaani kanunua baa ya wataalamu, kaivisha cheni nyembamba kuliko mfereji. Sehemu mbili za kumi za milimita, utasema si kitu. Lakini cheni iliyoachiwa nafasi hiyo inalala ubavu kila inapokutana na mti mgumu, na ikishalala, mkato unafuata. Aliyemuuzia hakumuuliza hata swali moja: hatua ya cheni (nafasi kati ya pini zake), unene, idadi ya vijino. Alimuuliza tu kama anataka "ya kawaida au ya kitaalamu". Na nani duniani atajibu kwamba yeye si mtaalamu?

Hilo ndilo linaloniudhi. Chuma hicho ni kizuri, sikatai. Ila kimegeuzwa dawa ya kila ugonjwa.

Nizipe baa za bei haki yake kwanza, niimalize. Baa nyingi za kawaida ni mabamba matatu ya chuma yaliyochomelewa pamoja, la katikati likiwa dogo kidogo ili mfereji upatikane. Zile za kazi nzito ni pande moja la chuma, mfereji umechongwa humohumo, na pua yake ukiimaliza unaitoa na kuweka nyingine. Ukiwa unaangusha miti mikubwa kutwa nzima, na mara kwa mara mti unaibana baa, pande moja halipindi kirahisi. Kuna nyepesi pia, zimetobolewa ndani kupunguza uzito, na mgongo wako utazishukuru saa tisa alasiri. Kuna zisizo na sproketi, lile gurudumu dogo la meno, puani; ncha yake imewekewa madini magumu yanayostahimili joto, kwa wanaokata penye mchanga na matope. Unaishi kwa msumeno? Nunua, wala usiniombe radhi. Na hata baa nyepesi usiinunue kwa mashine ya kukatia matawi mara mbili kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye kinachoua baa, kwa sababu baa haifi kwa uzee. Inauawa, na muuaji kwa kawaida ndiye mwenye mali.

Piga hesabu kidogo. Cheni ya hatua ya inchi 3/8, sproketi ya mashine ya meno 7, mashine inazunguka mara 10,000 kwa dakika: cheni inapita zaidi ya mita 20 kila sekunde. Chuma juu ya chuma, kasi ya gari barabara kuu, na kinachotenganisha hivyo viwili ni utando wa oili. Oili hiyo inapita kwenye tundu dogo karibu na mkia wa baa, tundu ambalo unga wa mbao ukichanganyika na mafuta unaliziba mpaka unafikiri halikuwepo. Nililijua kwa machungu. Baa ya kwanza nzuri niliyowahi kumiliki niliichoma mwenyewe. Tangi la oili lilikuwa limejaa, nikajiona niko salama, kumbe tundu limeziba na hakuna kinachofika. Moshi nilifikiri ni utomvu. Nilipoitoa, ukingo wa chini ulikuwa na doa la buluu la urefu wa kiganja, lile la chuma kilichopoteza ugumu wake. Kuanzia hapo kila nilichofanya kilikuwa ni kuahirisha mazishi. Ughali wake haukunisaidia kitu.

Tangu siku hiyo sianzi kazi bila kuielekeza pua ya baa kwenye kisiki cheupe na kuvuta mafuta kidogo. Mstari wa oili ukitokea kwenye kisiki, tunaanza. Usipotokea, nachukua kijiti chembamba.

Muuaji wa pili ni cheni butu. Mashine inapotoa unga badala ya vipande vya mbao, mtu hakai chini kunoa, anaegemea. Uzito wake wote unakandamiza cheni kwenye ukingo wa chini wa baa. Ukingo unalika, unatanuka, unatoa ndevu za chuma pembeni ambazo ukipitisha kidole zinakuchana. Na kwa kuwa tunakata zaidi kwa upande wa chini, upande huo ndio unaoisha. Ndiyo maana baa inageuzwa juu chini kila unaponoa cheni au kuibadilisha. Niliitazama ile baa ya zamani ya jamaa yangu: maandishi ya upande mmoja yamefutika kabisa, ya upande wa pili bado mapya. Miaka miwili hajaigeuza hata mara moja!

Tena alikuwa ananoa kama wengi tunavyonoa: meno ya upande wa mkono mzuri yanapata tupa sawasawa, ya upande wa pili yanapata lawama. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu au makali zaidi, cheni inavuta huko. Ukinunua baa ya dhahabu, itavuta hukohuko.

Kabla hujatoa pesa, fanya hivi. Weka rula ubavuni mwa jino la cheni, iguse na ubavu wa baa. Ikibaki nafasi kidogo kati ya rula na baa, mfereji bado unashika. Cheni ikilala mpaka rula inagusa baa yote, mfereji umetanuka. Halafu pima kina chake: kwa cheni ya 3/8 ya kawaida, ukikuta chini ya milimita 6, vijino vinakaribia kugonga sakafu, na hapo sina ubishi, nunua nyingine. Lakini kama kina bado kipo na tatizo ni ukingo mmoja kuwa chini kuliko mwenzake, hiyo ni kazi ya tupa bapa.

Tuliibana ile baa ya zamani kwenye jiliwa. Nikampa tupa, nikamwonyesha kuishika mraba na ubavu wa baa, asiilaze. Akaondoa ndevu, akasawazisha kingo, akakwangua uchafu mweusi mferejini mpaka vidole vikawa kama vya muuza mkaa. Mfereji ulikuwa umebaki na kina cha kutosha. Tukanoa cheni upya, safari hii tukihesabu mapigo: matatu kila jino, kulia na kushoto. Tukaigeuza baa, tukafunga.

Kipande kilianguka bapa, unaweza kukisimamisha na kuweka glasi ya maji juu yake. Akakitazama, akaitazama ile mpya iliyolala kwenye nyasi, kingo zake zimeshaanza kuchubuka kwa kazi ya dakika tano.

"Sasa hii wataipokea nikirudisha?" akauliza.

Nilijifanya sijasikia, nikawasha mashine.