Maabara ndogo zifungwe au ziachwe? Mi naona tuanze na sindano na chanjo

Kuna ubishi hauishi huku kusini mwa Tanzania, maabara ya kituo cha afya ikikutwa haijatimiza masharti ya usalama ifungwe hapo hapo au iachwe ifanye kazi huku inajirekebisha?

Wanaotaka ifungwe siwalaumu hata kidogo. Mtu wa maabara kutwa nzima anashika damu, makohozi, mkojo na choo cha watu asiojua wana nini, ndo maana kanuni inasema kila sampuli ichukuliwe kuwa ina maambukizi. Akijichoma sindano ya mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 0.3%, ila ikiwa ni homa ya ini B na yeye hajachanjwa inaweza kufika hadi 30%! Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, sio jambo la kubembelezana.

Sasa njoo upande wa pili. Funga maabara ya kijijini huko Newala au Tandahimba, mama mjamzito anayetakiwa kupima wingi wa damu asafiri mpaka hospitali ya mjini, hela ya korosho bado haijatoka, nauli atoe wapi? Wengi hawaendi, basi wanaishia kupewa dawa kwa kukisia. Halafu huko vijijini maji yenyewe ni shida ya miaka, unamwambia mtu anawe mikono kila baada ya mgonjwa wakati maji yananunuliwa kwa ndoo.

Tatizo naloliona, pande zote mbili zinachanganya makubwa na madogo. Kabati la usalama, lile la kufanyia kazi sampuli ili vijidudu visimfikie mtu kwa hewa, ni la bei, linataka umeme wa uhakika na fundi wa kulikagua, na kituo kinachopima malaria na sukari tu hakilihitaji kihivyo. Lakini sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika? Jiki ya 3.5% ya kuua vijidudu, sehemu moja kwa sita za maji, ichanganywe upya kila siku? Chanjo ya homa ya ini B dozi 3 ndani ya miezi 6? Hapo hakuna cha umaskini wala umbali. Foleni imejaa, mtu kashika kifuniko mkono wa kushoto, sindano wa kulia, anavilenga vikutane haraka haraka, hapo ndo anajichoma, na dawa yake ni kuitumbukiza sindano kwenye boksi bila kuifunika, na boksi likifika robo tatu libadilishwe. Glavu nazo, moja inatoa damu, inaandika rejista, inafungua mlango, inapokea simu, hiyo inamkinga nani jamani?

Ukali wa kufunga ovyo una hasara nyingine, watu wanaficha. Aliyejichoma anaogopa kuulizwa alikuwa anafanya nini, ananyamaza, na dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze mapema sana, zisizidi saa 72 tangu ajichome, halafu anywe siku 28.

Kwangu mimi, kusiko na sefti boksi wala jiki pasitolewe damu mpaka vipatikane, hapo sina huruma. Mambo ya jengo na makaratasi wapewe muda. Chanjo ianze wiki hiyo hiyo, na asisahaulike mhudumu wa usafi, maana yeye ndo anabeba hayo maboksi kupeleka kuchoma na mara nyingi hata jina lake kwenye orodha ya chanjo halipo.