Kuku wa mama mkwe

Najua shemeji yangu ameshawasimulia, na kwenye hadithi yake nimezimia. Sikuzimia. Nilikaa chini ghafla tu, tena palikuwa na kigoda.

Simu yangu ya zamani nilimpa mama mkwe, Muheza, bila kutoa akaunti yangu ya Google. Msinicheke, ninyi mliouza zenu je? Basi kila kuku aliyempiga picha kule alipanda Google akatua kwangu, nikadhani mke wangu anatafuta mradi. Na kila cha kwangu, hadi skrinshoti, kilitua kwake.

Jumapili kaja mteja wa kuku. Mama anapekua picha, mteja kulia kwake, shemeji kushoto, mimi mbele yao nakula embe.

"Hii ya jana ni nini, mbona ina ukungu?"

Bando lake lilikuwa limekata. Picha zenyewe hazimo simuni, ziko juu huko, chini unaachiwa kivuli. Nikachungulia. Kivuli nikakijua: meseji yangu kwa rafiki, niliyoipiga skrinshoti kwa kujisifia utani.

Embe likasimama kooni.

Shemeji, kwa wema ambao hakuna aliyemwomba, akawasha hotspoti. Ukungu ukaanza kutoka. Nikachomoa simu yangu: nikifuta huku, na kule si itafutika? Akaunti si moja? Vidole vina embe, kioo kinateleza. Nikachagua, nikabonyeza futa, nikainua macho. Mama kashaanza kusoma, kwa sauti, neno moja moja, kama tangazo la msiba:

"Mama... mkwe... kaja... na... mabegi... matatu... Anatembea... au... anahama?"

Mteja akakohoa.

Mama akapandisha miwani. "Haya, baba. Tuone kuku."

Akasogeza kidole. Hakuna kuku. Nilichofuta mimi ni kuku, wote.

Na simuni mwake walishaondolewa zamani ili kupata nafasi, nakala ilikuwa ya huko juu tu. Shemeji akawafukua kwenye taka (picha iliyokwisha kupanda hukaa humo siku 60), mteja akachukua majogoo, mimi nikaaga mapema.

Shemeji akataka kumfungulia mama akaunti yake. Mama akagoma.

"Ya nini? Kwa mkwe wangu kuna nafasi."

GB 15 za bure zimejaa, hata imeili haziingii. Nimelipia GB 100. Leo asubuhi vifaranga wameanza kupanda.