Kila Mtu Ana Kani, Mimi Nina Kilo

Kanuni ya pili ya mwendo ya Isaac Newton, ambayo imejulikana tangu mwaka 1687, inasema kwamba kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni sawa na tungamo, yaani wingi wa kitu upimwao kwa kilo, mara mchapuko, na katika mambo hayo matatu mimi, mkazi wa Mombasa mwenye kilo 90 na subira iliyokaribia kwisha, nimeachiwa tungamo peke yake. Kani iko mikononi, au miguuni, mwa watu wengine. Na mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka au kupungua kila sekunde, huamuliwa na dereva ambaye hajawahi kuniomba ushauri.

Itazameni matatu itokayo Bamburi. Imekwisha kuvuka Daraja la Nyali kwa mwendo wa kilomita 54 kwa saa, ambao ni mita 15 kwa sekunde, mara anatokea abiria pale Buxton akiwa ameinua kidole, na dereva anakanyaga breki hadi gari linasimama ndani ya sekunde 3. Hesabu yake ni nyepesi: 15 kugawanya kwa 3 ni 5, ndio mchapuko, na 5 mara kilo zangu 90 ni newton 450 (newton hapa ni kipimo cha kani), karibu sawa na uzito wa gunia la kilo 45. Kani hiyo ni lazima itoke kwenye kitu fulani, la sivyo mwili wangu utaendelea na safari hata baada ya gari kughairi. Ilipasa itoke kwenye mkanda. Mkanda upo, ila kufuli lake lilikufa zamani, na utingo hutuelekeza tuushike kwa mkono mbele ya tumbo kila polisi wanapoonekana, jambo ambalo huwaridhisha polisi lakini halimridhishi Newton. Basi kani hutoka kwa mama mtu mzima mwenye buibui aliyeketi mbele yangu, ambaye hugeuka polepole na kuniuliza, "Mwanangu, kwani bega langu ndilo breki?" Nami humwomba radhi, ilhali mwenye kupaswa kuomba radhi yuko kwenye usukani akihesabu chenji.

Na hapo tumesimamishwa na breki tu. Tungesimamishwa na mkia wa lori, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kani hiyo ingepanda hadi newton 13,500, uzito wa zaidi ya tani moja, na mkono wa kushikilia mkanda kwa kiasi hicho sijauona. Nilipomweleza utingo, alinijibu, "Songea kidogo, mzee, kuna mmoja anaingia." Akaongeza tungamo, injini ikabaki na kani yake ileile, matatu ikaondoka kwa kujikokota, kisha yeye na dereva wakaanza kulalamika kwamba gari halina nguvu siku hizi.

Afadhali matatu, kwa sababu ina breki. Kivukoni Likoni, maji yakiwa yamekupwa na njia ya kuteremkia feri imekuwa na mwinamo mkali, hamali huja na mkokoteni wenye kilo 400 za viazi, akiwa ameegemea nyuma, visigino vimekita chini, kandambili zimeloa, na kipande cha tairi kuukuu kinaburuta nyuma. Mkokoteni wa kilo 400 unaokwenda mita 2 kwa sekunde hauwezi kusimama ndani ya sekunde moja bila newton 800, tena hapo bado hatujahesabu mteremko unaouvuta chini. Kandambili hazina newton hizo. "Njia! Njia, mzee!" hupiga kelele, na mimi niliyefika wa kwanza, mwenye haki zote za mtembea kwa miguu, hulazimika kujipa mchapuko mwenyewe pamoja na kikapu cha samaki.

Nyumbani nako mke wangu ameamua kwamba kabati la mvule lihamie ukuta wa pili. "Sukuma, Baba Salma, mbona unalishika tu?" Silishiki, ninasukuma, ila Newton alimaanisha kani inayobaki baada ya zote kupingana, na sakafu hunirudishia msuguano ulio sawasawa na ninachotoa, hadi nivuke kikomo chake. Nikishakivuka, msuguano hupungua ghafla, kabati huruka kiasi cha shubiri moja, na kidole changu kikubwa cha mguu huwa ndicho kilichokuwa njiani.

Mpwa wangu, anayesoma fizikia shuleni, alishauri kwa adabu, "Mjomba, punguzeni tungamo kwanza, toeni nguo." Mke wangu aliusifu sana ushauri huo. Akafungua milango, akatazama rafu zake zote zilizojaa kanga, madira na magauni ya harusi za watu, akainama hadi rafu ya chini kabisa, akatoa mashati yangu manne.