Muuzaji huulizwa, mnunuzi haulizwi

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, hapa kaskazini mwa Texas, alihangaika miezi mitatu kuuza bunduki yake. Si bastola. Ni M1A, ndefu, kitako cha mti, nusu-otomatiki: kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, na inayofuata inajipakia yenyewe. Alikuwa akipokea simu wakati wa chakula cha mchana, nami nikiwa pembeni na kontena langu la wali, kwa hiyo mazungumzo yote nimeyasikia. Kila mtu alianza na swali lilelile: "Kwa nini unaiuza?"

Swali halina ubaya. Hata mimi nilipouza gari niliulizwa hivyo hivyo. Anayepiga bei kitu kizima lazima kuna anachoficha, ndivyo tunavyofikiri. Pengine mtutu umeingia kutu, pengine inakwama.

Ninavyojua, hakuna alichoficha. Kaka yake mkubwa alibeba M14 Vietnam mwaka 1966, na M1A ni ndugu yake wa kiraia, isiyo na uwezo wa kumimina risasi mfululizo. Jeshi la Marekani liliipitisha M14 mwaka 1957, na kabla ya miaka ya 60 kwisha M16 ilikuwa imeshaipokonya nafasi. Kaka alipofariki, mzee akanunua M1A kama mtu anavyotundika picha ukutani. Tatizo, picha hii ina zaidi ya kilo nne kabla hujatia risasi. Risasi yenyewe ni karibu dola moja kila moja, takriban mara mbili ya ile ya AR-15, ndugu wa kiraia wa M16. Macho yameanza kumsumbua, akataka kufunga darubini, lakini bunduki hii hutupa maganda yake kupitia juu, palepale ambapo darubini ingekaa, kwa hiyo kuifunga ni shughuli ya fundi na pesa nyingine. Mgongo ukamalizia hoja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma matangazo ya wauzaji kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo. Yana mambo. Kuna mwenye AK aliyeinunua kwa sababu risasi za Kirusi zilikuwa bei chee. Mwaka 2021 serikali ikatangaza kuzuia uingizaji wa risasi kutoka Urusi, na sasa kila safari ya kwenda kulenga shabaha inamuuma. Kuna mwenye SKS ya Kichina, bunduki nusu-otomatiki ya zamani ambayo mwanzoni mwa miaka ya 90 ilionekana takataka, lakini tangu Clinton afunge mlango wa silaha za China mwaka 1994 imepanda bei hadi mwenyewe anaona aibu kuendelea kuiweka chini ya kitanda. Kuna talaka, kuna bili ya hospitali. Kuna yule ambaye mkewe amejifungua na kumwambia achague kati ya lile dude na wao wawili.

Ila sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii: imepigwa mara moja tu. Bunduki mpya kabisa, nusu boksi la risasi limetumika, miaka mitano kabatini.

Hizo nadhani ni bunduki za hofu, zilizonunuliwa kwa kuogopa kwamba serikali itazikataza. Ukitaka kuelewa soko la silaha za raia Marekani, acha kutazama wawindaji, tazama kalenda ya siasa. Kuanzia Septemba 1994 hadi Septemba 2004 sheria ya nchi nzima ilikataza kutengeneza na kuuza mpya aina nyingi za bunduki hizi za nusu-otomatiki, lakini zile zilizokuwa tayari mikononi mwa watu ziliachwa, na bei yake ikapaa. Watu hawajasahau somo hilo. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima sita, rafu za maduka zilifagiliwa. AR-15 zikauzwa mara mbili ya bei yake ya kawaida, hata zaidi. Aprili 2013 Seneti ikaukataa muswada wa katazo jipya, na waliokopa kwa kadi kununua wakabaki na chuma na deni. Wenye maduka walikuwa wakitania kwamba Obama ndiye muuzaji wao bora.

Upande wa pili nao unachekesha kwa namna yake. Trump aliposhinda mwaka 2016, hofu ikapoa na mauzo yakapoa nayo. Kampuni ya bunduki ya Remington ikaomba kinga ya mufilisi Machi 2018. Septemba 2019 Colt, kampuni iliyoiuza AR-15 kwa raia tangu miaka ya 60, ikatangaza kusimamisha kutengeneza bunduki hizo kwa soko la kiraia, kwa maelezo kwamba soko limejaa. Mwaka uliofuata ikaja korona, zikaja na vurugu za mitaani, na mfumo wa FBI wa kupekua rekodi za wanunuzi ukafanya ukaguzi unaokaribia milioni 40, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla (si kila ukaguzi ni bunduki moja, lakini unapata picha). Sasa hofu ile nayo imepoa, na leo AR-15 mpya ya kawaida unaipata kwa dola 500 hivi. Aliyenunua kwa mara tatu ya hapo anauliza nani ataichukua.

Mimi si adui wa wenye bunduki. Nimekwenda na mzee kulenga shabaha, bega likaniuma siku mbili, nikacheka. Kinachonikera ni kwamba swali linaulizwa upande mmoja. Duka lenye leseni lazima limjazishe mnunuzi fomu na kumpekua. Mfumo huo wa FBI wa kupekua umekuwepo tangu 1998. Lakini watu wawili wa kawaida, wakazi wa jimbo moja, sheria ya shirikisho haiwadai ukaguzi huo, na Texas haikuongeza lake. Wanakutana kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, pesa hii hapa, bunduki hii hapa. Ni kosa kumuuzia mtu ambaye unajua, au una sababu ya kuamini, kwamba amekatazwa kuwa nayo. Usipouliza hujui. Nyumbani Tanzania kibali ni cha mtu, na bunduki haihami mkono bila mamlaka kuhusika. Huku nimeona simu ya mtumba ikiulizwa maswali mengi kuliko anayeinunua bunduki.

Najua jibu linalokuja: mhalifu hapiti dukani, hata utunge sheria ngapi. Agosti 31, 2019, kati ya Midland na Odessa, humu humu Texas, mtu mmoja aliua watu saba kwa bunduki ya aina ya AR. Huyo alikuwa amepita dukani. Mwaka 2014 alijaribu kununua, akapekuliwa, akakataliwa. Baadaye akaipata kwa muuzaji binafsi, ambaye alikuja kufungwa miaka miwili kwa kufanya biashara ya silaha bila leseni. Mlango ulimzuia vizuri kabisa, ila pembeni yake hapakuwa na ukuta.

Mwezi wa tatu wa mahangaiko, kijana mmoja alimpigia mzee. Ana dola 1,400 taslimu, na ajabu, hakuuliza kwa nini inauzwa. Mzee akamwambia wakutane kwenye duka la bunduki, huko apekuliwe na wakamilishe, ada ya dola 30 ataitoa mzee mwenyewe. Kijana akasema atarudi kupiga. Huenda ni mtu tu asiyependa makaratasi, wapo wengi hapa. Hakupiga tena.

Wiki mbili baadaye nilimsindikiza mzee kwa mwenye duka, ambaye aliigeuza bunduki huku na huku, akachungulia mtutu kwa tochi, akamtajia 950. Mzee akachukua. Njia nzima kurudi alinilalamikia zile 450, mpaka tulipofika kwenye foleni ya barabara kuu akahamia kuilalamikia foleni.